Fungu la Asiyeweza Kulalamika

Hakuna mwanafunzi wa bweni letu aliyewahi kumwona msimamizi wetu akila hadharani. Naanza hapo kwa sababu ndipo sisi wenyewe tulipoanzia kila tulipomsema. Katika miaka yote niliyosoma shule ya misioni pale Kamina nilimwona akisinzia ameketi, nilimwona akikata kucha, nilimwona akikimbizwa na nyuki hadi mlangoni mwa kanisa. Kutia kitu kinywani mbele ya watu, hata maji, sikumwona. Wenzangu walikuwa na maelezo tayari: yule si mtu, ni mukishi, mzimu, na wazungu wamemwajiri kwa sababu hahitaji posho ya unga.

Mimi sikuamini. Tangu utoto nina ugonjwa wa kuuliza, na chuo kikuu hakijauponya. Lakini kutoamini mchana kweupe, katikati ya wenzako wanaocheka, ni jambo moja. Kutoamini wakati yeye amesimama nyuma yako na hukumsikia akija ni jambo jingine.

Kifaransa cha shule kilimwita surveillant. Sisi tulimwita Mulami, neno la Kiluba la mtu anayelinda kitu kisipotee. Alilala katika chumba kilichobandikwa mwisho wa bweni. Alituamsha, alikagua shingo zetu kama zimeoga, alitupeleka shambani na kutusindikiza kanisani. Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilikuwa moja: kumwambia direkta, mkuu wa shule, ni nani awe kapita wa wanafunzi. Direkta alitia sahihi. Aliyechagua ni Mulami.

Asiyesoma kwetu zamani zile hatajua uzito wa neno hilo, kapita. Kapita aligawa zamu za kazi na chakula. Kapita akisema wewe ni mvivu, ulikuwa mvivu. Aliyemaliza ukapita bila doa alipata barua ya kwenda chuo cha ualimu, au alipelekwa ofisi za reli kuwa karani, akaanza kuvaa viatu siku za kazi. Wazazi waliotoka Kaniama na mahindi yao hawakuuliza kwanza mtoto amejifunza nini. Waliuliza, "Atakuwa kapita?"

Mulami alikuwa na viatu, lakini alivivaa kanisani tu. Siku nyingine alitembea peku, mwepesi kuliko umbo lake. Kiangazi, moto wa mbuga ulipokuwa ukila majani huko nje ya mji, majivu yalitua uani kwetu kama unga mweusi, na kila aliyepita aliacha nyayo. Zake hazikuonekana. Wadogo walilia kwa hilo. Mimi niliuchunguza ule ua kwa siku kadhaa, nikagundua kwamba alikuwa akipita juu ya matofali ya ukingo, mguu mmoja mbele ya mwingine. Nikawatangazia wenzangu kwa ushindi. Mmoja wao, mtoto aliyetoka Sanga, kule ziwani, akaniuliza kwa upole: "Na juu ya nini muntu muzima anatembea juu ya matofali?" Swali hilo la kwa nini ninalo hadi leo.

Alikuwa akibisha hodi kwenye vyumba visivyo na mtu. Siku moja nilikuwa nimebeba ndoo nyuma yake, akasimama mbele ya darasa lililokuwa wazi, likiwa na madawati tu na mwanga wa saa nane, akapiga hodi na kungoja.

"Tata," nikamwambia, "darasa iko tupu."

"Unajua?"

"Ninaona."

"Bon. Kama iko tupu, hodi yangu haitasumbua muntu."

Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyekaribishwa, akaingia.

Hakupenda fimbo. Kapita mmoja aliyejichongea fimbo ya mti mgumu aliitwa mbele ya bweni zima, Mulami akaichukua, akaivunja juu ya goti lake, akamrudishia vipande viwili. Ukiondoa hilo, sitamfanya mpole. Mwalimu wetu wa hesabu alichapa, na tulimsahau kabla alama hazijatoweka. Mulami hakuchapa, alikutazama tu, na kwa wiki nzima ulihisi pale alipokutazama pakiwasha. Alichukia uongo, lakini mwenzetu alipoiba karanga katika shamba la bibi mmoja, Mulami alimwambia yule bibi kwamba ni nyani, akaomba radhi kwa niaba ya nyani, halafu akamfanya mwizi alilime shamba lile mpaka mavuno. Alitukataza kutaja mizimu. Radi ikipiga, midomo yake mwenyewe ilitaja majina ambayo hayakuwa ya Biblia.

Juu ya viongozi alikuwa na maneno machache, na aliyarudia kama mtu anayepiga msumari uleule. "Kapita, musimuangalie kama anasema. Mumuangalie kama anagawa." Jingine: "Akili ya darasa inaonekana ku ubao. Roho inaonekana ku chungu." Na siku moja, baada ya direkta kumsifu mwanafunzi aliyekariri sura nzima ya Injili, nilimsikia akinung'unika: "Kasuku naye hakosi."

Alikuwa na sababu ya kunung'unika, na bweni zima liliijua, maana mpishi alimsimulia kila mgeni. Miaka kabla yangu, Mulami alikuwa amemchagua kapita kwa alama. Yule kijana alikuwa wa kwanza katika kila somo, Kifaransa chake kilinyooka, hata wageni wa direkta walimpa mkono. Mulami mwenyewe ndiye aliyempendekeza, akimwonyesha watu kama mtu anavyoonyesha baiskeli mpya. Siku moja mtoto mdogo wa darasa la kwanza alisema kichwa kinamuuma. Kapita akasema ni mvivu, akampeleka kwenye tanuri kubeba matofali na wengine. Jioni mtoto hakuweza kusimama. Walimlaza katika nyumba ya wagonjwa, kijumba cha matofali nyuma ya jikoni, na hakutoka mle akiwa hai. Kapita hakuadhibiwa. Alipata barua yake, akaenda zake kuwa mwalimu.

Tangu hapo ikaanza ile desturi. Kila adhuhuri kapita alipogawa bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa kukausha waliotoka Mulongo, ilibidi agawe fungu moja zaidi. Alilifunika kwa sahani nyingine, akalipeleka peke yake kwenye kijumba kile kilichofungwa, akaliweka juu ya kitanda kitupu, akafunga mlango, akarudi. Jioni alifuata sahani. Ilikuwa safi kila mara.

Mtoto wa Sanga hakushangaa. "Kwetu, kama unalima pale karibu ya ziwa, unachimbua byungu ya bantu ya zamani. Balibazika na byungu. Muntu haachi kula juu ya kufa."

"Nani anakula, lakini? Umeona?"

"Weye, kila kitu unataka kuona. Enda basi, uone."

Nikaenda. Nyuma ya kijumba kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, na ukutani dirisha dogo lenye ubao uliopasuka. Ilikuwa saa ya jua kali, saa ile ambayo hata kuku wa Kamina hukaa kimya. Kapita wa wakati huo alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, mpendwa wa direkta, msemaji wetu katika kila sherehe. Aliweka sahani, akatoka haraka bila kutazama nyuma. Nikangoja, jicho kwenye ufa wa ubao. Nilimsikia kwanza mtu akibisha hodi kwenye mlango wa ubavuni, kisha kimya cha kungoja, kisha bawaba.

Alikuwa Mulami. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mtoto, akafunua sahani, akaitazama kwa muda. Kisha akala. Katika nchi yetu mtu mkubwa haonwi akila, hilo lilifundishwa na wafalme wa Waluba kabla ya misioni yoyote. Nilihisi nimemwona uchi. Lakini nilibaki, na nikasikia.

"Leo tena bamekupa kichwa," alisema, akimwelekea mtu ambaye angekuwa ameegemea mto. "Na jana kichwa. Juzi mukia na miiba." Akainamisha sikio, kama anayesikiliza. "Hapana, usikasirike. Minyi njo nilimuchagua. Nitamuondoa."

Wiki ile ile kapita mwenye sauti nzuri akaondolewa. Direkta alikasirika, bweni likashangaa, mama wa yule kijana alikuja kulia mlangoni. Mulami hakumweleza mtu. Mimi peke yangu nilielewa, na nilijivunia kuelewa: haikuwa mizimu, ilikuwa mizani. Walio hai wanapogawiwa wana macho na midomo. Ukimpunja mkubwa atapiga kelele, ukimpunja mdogo kaka yake atauliza. Fungu lile tu halikuwa na wa kulitetea. Pale ndipo mkono wa kapita ulipofanya ulichotaka wenyewe. Hakuna mtihani wa direkta uliofikia huko, na Mulami aliufanya kila siku, kwa ulimi wake.

Ningependa kuishia hapo, kwa maelezo yaliyonyooka. Lakini niliona mengine na siwezi kuyaficha. Mulami alikula upande mmoja tu wa sahani, kama tunavyokula wawili, akaacha nusu ya pili bila kuigusa, akaifunika, akatoka. Nilikaa nyuma ya kichuguu hadi kengele ya sala. Hakuingia mtu, wala mbwa, wala kuku. Kapita alipokuja kufuata sahani nilimwona ameishika kwa kidole kimoja, ikiwa tupu. Panya, nilijiambia. Usiku kucha niliwaza juu ya panya anayelamba sahani mpaka ing'ae na kuirudishia kifuniko chake.

Sasa niko chuo kikuu, Elisabethville, na hapa tunachagua viongozi wa wanafunzi kwa hotuba. Wanapanda juu ya meza. Wanazungumza juu ya uhuru, juu ya heshima ya Mwafrika, na wanazungumza vizuri, nami napiga makofi. Halafu tunakwenda kula, na jicho langu, bila kuliamuru, linashuka kwenye mikono yao. Nimemwona mmoja, ambaye wengi wanasema atakuwa mtu mkubwa nchi ikiwa yetu, akimwita mzee anayefuta meza kwa kupiga vidole. Wenzangu wanasema hilo ni dogo. Huenda ni dogo. Mtoto wa darasa la kwanza naye alikuwa mdogo.

Likizo hii iliyopita nilirudi Kamina nikakuta mambo yamegeuka. Mulami alikuwa amestaafu, macho yamefunga ukungu. Direkta mpya, mtu wa haraka, alikuwa amekomesha fungu la kijumbani na kukigeuza kijumba kuwa ghala la majembe. Akaniita ofisini. Alikuwa na majina mawili ya ukapita na hakujua amchague nani: kijana mmoja wa Kaniama, mtoto wa mfyatua matofali, wa alama za kati, na mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, wa kwanza darasani.

"Wewe ni msomi, unawafahamu," aliniambia. "Niletee jina moja kesho. Najua utakuwa mwadilifu."

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kuosha shati la mdogo wangu. Mwaka ule chuo cha ualimu kingempokea kapita mmoja tu kutoka kwetu, na baba hakuwa na njia nyingine ya kumsomesha. Kila mtu pale nyumbani alijua kwamba maisha yake yanalala ndani ya kinywa changu. Mama aliniongezea sombe, yale majani ya muhogo.

Nikamchukua mdogo wangu tukaenda kwa Mulami, upande wa pili wa reli, tukiwa na samaki mkubwa wa kukausha kama zawadi. Ndege ya kituo cha jeshi ilipita juu yetu na kivuli chake kikafagia njia. Mzee alikuwa ameketi barazani, uso umeelekea njiani, na kabla hatujafika alisema: "Karibu, muulizaji." Hatukuwa tumepiga hodi. Tulikuwa peku, kwa sababu ya matope.

"Tata, umenijuaje?"

"Unatembea sawa na muntu mwenye kuhesabu nyumba za bantu." Akacheka, akafunika mdomo. "Na huyu njo nani?"

"Mudogo yangu. Njo wa kwanza mu darasa yake."

"Sikuuliza namba yake. Niliuliza njo nani."

Mdogo wangu akataja jina lake. Viti vikaletwa, tukaketi. Nikamweleza mzee shida yangu bila kupamba: nipe njia, wewe ulikuwa nayo. Maji yakaletwa, tukanawa mikono. Bukari ikawekwa, inafuka moshi, na samaki wetu amekwisha kuchemshwa na nyanya, ndani ya chungu. Mulami akamsogezea mdogo wangu sahani.

"Gawa. Yangu uweke pembeni, nitakula nyuma."

Mdogo wangu alinitazama, na nikaona anatabasamu. Bweni halisahau, hadithi ya fungu ilikuwa imemfikia kama inavyomfikia kila mtu. Akagawa kwa uangalifu. Kipande cha mzee, changu, chake, sawasawa. Kisha akachukua kile cha tumboni, kinene kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya peke yake, akaitenga karibu na ukuta pasipo na mtu, akaifunika.

Vidole vya Mulami vikatambaa mezani, vikagusa sahani moja moja, vikafika ukutani, vikafunua.

"Hii iko mukubwa."

"Ndiyo, tata. Juu ya ule mwenye kufia mu nyumba ya bagonjwa."

"Unamuogopa?"

Mdogo wangu akasita. "Kidogo, tata."

"Bon. Mufu amepata, na amepata kupita sisi bote." Mzee alifunika tena, taratibu. "Na ule mwenye kuwamwagia maji?"

"Maji gani, tata?"

"Mikono yenu iko mikavu?"

Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa bado na unyevu, na matone yalikuwa yakining'inia kwenye kiwiko. Nilitafuta akilini mkono ulioshika kile chombo, sikuupata. Nilitafuta kitambaa, kichwa, sauti ya miguu. Niliona maji tu, yakishuka kutoka mahali patupu. Nikamtazama mdogo wangu, naye alikuwa akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

"Amewapa viti," alisema Mulami. "Amewapa maji. Amepika ile samaki yenu, ameiweka hapa. Mara tatu amepita mbele ya macho yenu, na macho yenu iko muzima kuliko yangu. Njo dada yangu. Bwana yake alikufa, anakaa na minyi."

"Minyi sikumuona," mdogo wangu alisema.

"Hata minyi," nikasema.

Mzee hakutukemea. Aligeuza uso njiani na kungoja, kama alivyongoja mlangoni mwa darasa tupu. Nilidhani mdogo wangu angechukua sahani ya ukutani, ambayo haikuwa na mwenyewe. Hakuigusa. Alichukua ya kwake, akainuka, akaelekea kwenye kijumba cha jikoni kilichokuwa kikitoa moshi. Nikamfuata hadi mlangoni.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya gogo, mgongo kwetu, akikwangua ukoko wa bukari kwa mwiko. Huo ndio uliokuwa chakula chake. Aligeuka. Ningeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba uso ule sijawahi kuuona, na maji aliyonimwagia yalikuwa hayajakauka mikononi mwangu.

Mdogo wangu akapiga goti kwenye majivu, akamnyooshea sahani kwa mikono miwili. Mwanamke aliitazama, akamtazama yeye, kisha shati lake lililooshwa.

"Njo weye kapita mupya ya masomo?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa.

"Hapana, mama," alisema. "Bado."

Mwanamke akakikata kipande kile katikati kwa vidole vyake vyeusi vya masizi, akapima nusu hizi mbili kwa jicho, akamrudishia moja. Wakala pamoja pale chini. Nilirudi barazani, nikakaa mbele ya samaki wangu, sikuweza kumla.

Tulipokuwa tukivuka reli kurudi nyumbani, jua likiwa limeinama juu ya mataruma, mdogo wangu alisimama.

"Yaya," akaniita, kama mdogo anavyomwita kaka yake. "Kesho kwa direkta."

"Ndiyo."

"Umuambie jina ya ule wa Kaniama."

"Na mama?"

"Minyi njo nitamuambia mama."

Kesho yake nililitaja.